Herufi P ya Benzi Letu

Nimemsikia mke wangu Telesia akiapa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mbele ya padri, siku tuliyofunga ndoa. Mara ya pili ilikuwa mbele ya kuku waliokata kamba, na hapo aliapa kwamba hatakanyaga tena ndani ya gari langu.

Gari lenyewe ni Benzi la zamani, rangi ya maziwa, lenye umri unaomzidi binti yetu Prisila. Lilikuwa la daktari mmoja wa misheni. Alipostaafu na kurudi kwao nilimtengenezea makasha ya kusafirishia vitabu vyake, maana mimi ni seremala, na yeye akaniachia gari akasema, "Odilo, wewe una mkono wa subira, utaliweza." Ni gari la otomatiki. Halina klachi. Kati ya viti viwili vya mbele umesimama mkono wa gia, na ubavuni mwake kuna herufi: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya gari kuwa huru, D ya kwenda mbele. Unasogeza mkono hadi kwenye herufi unayoitaka, gari linatii. Angalau ndivyo daktari alivyonieleza.

Sisi wa Njombe tunaishi mlimani. Nyumba yangu iko juu ya barabara, karakana iko chini ya nyumba, na bustani ya Telesia iko chini ya karakana. Ukidondosha kiazi mlangoni utakiokota kwa jirani. Kwa hiyo kila mwenye gari hapa kwetu ana jiwe lake. Hendibreki hatuiamini sana, kwa sababu asubuhi za Juni baridi hukaza waya wake ukakwama, gari likakataa kuondoka. Tunaegesha pua ikitazama juu, tunaweka gia, tunasukumia jiwe nyuma ya tairi, tunaingia ndani kuota moto. Jiwe langu nililichagua mwenyewe mtoni, na hukaa kwenye buti kama tairi la akiba.

Makambako hawana mambo hayo. Kule ardhi imelala. Ndiyo maana Jumapili ile, tulipokwenda kusali kwenye parokia ya kwao Telesia, sikuona haja ya kushusha jiwe.

Tulikwenda kumwomba paroko tarehe ya misa ya jubilei yetu. Tulifunga ndoa katika kanisa lile, na mwaka huu tulikuwa tunatimiza miaka ishirini na mitano. Baada ya misa kulikuwa na mnada wa sadaka nje ya kanisa, kuku na maboga na viazi, na katekista Stanley alikuwa amesimama nyuma ya meza akiwa amemwinua jogoo juu ya kichwa. Tulikuwa tayari kuondoka. Telesia alikuwa ameshakaa ndani, injini inanguruma. Nikamwona paroko anapita, nikasogeza mkono wa gia kwenye P, nikashuka haraka nimkumbushe tarehe.

Nilikuwa katikati ya salamu niliposikia sauti ya mke wangu, tulivu kabisa.

"Baba Prisila, gari linaondoka."

Nikageuka. Benzi lilikuwa linarudi nyuma polepole, kama mzee anayetafuta kiti bila kutazama. Liliikuta meza ya mnada, likaisukuma kwa adabu, maboga yakaanza kushuka moja moja. Kuku waliokuwa wamefungwa kwenye mguu wa meza walikata kamba wakasambaa. Stanley alibaki na jogoo wake juu.

"Mara ya pili," akasema, kwa sababu ndipo alipokuwa amefika.

"Na hilo gari nalo mnaliuza?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

Nilikimbia nikazima injini. Nikatazama mkono wa gia. Ulikuwa kwenye P. Telesia naye aliutazama, kisha akashuka, akatengeneza kitenge chake, akasaidia kuokota maboga yote mpaka la mwisho. Halafu akaja kwangu.

"Limeandika kwamba limesimama, kumbe linatembea," alisema. "Naapa mbele ya kuku hawa wa watu, sipandi tena gari linalosema uongo."

"Tutafikaje kwenye jubilei?"

"Mimi nitakuja na Noah ya Esnath." Esnath ni mdogo wake, anaishi Makambako, na siku ile ndiye aliyemrudisha nyumbani kwa gari lake. "Wewe utakuja na gari lako. Tutakutana kanisani."

Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa zito. Fikiri wanandoa wa miaka ishirini na mitano, kwaya imejipanga nje, ndugu wameshika maua, halafu bwana anafika na gari lake na bibi anafika na gari lake. Kila mtu angeuliza tunashukuru nini. Nilimwambia Mungu jioni ile: Bwana, miaka yote hii umetubeba pamoja, usiruhusu kipande cha chuma kituingize kanisani kwa milango miwili.

Asubuhi nililipeleka gari kwa Bonaventura. Karakana yake iko mtaa wa chini yetu, nayo imeinama kama paa la nyumba. Mafundi wake huweka spana kwenye makopo ili zisiviringike. Bonaventura ni Mbena mwenzangu, mfupi, anaongea huku akifanya kazi.

"Kamwene, mzee Odilo. Nimesikia mmefanya mnada."

"Kamwene. Habari zimefika?"

"Zimefika kabla ya gari."

Akalielekeza pua juu, akaweka mawe, akaingia chini. Alinieleza vizuri. Kutoka kwenye mkono wa gia, chini ya sakafu, kuna fimbo ya chuma inayokwenda hadi kwenye gia boksi. Fimbo hiyo ndiyo mjumbe. Ukiweka mkono kwenye P, fimbo inapeleka habari. Ikiwa fimbo imezidi urefu au imepungua, habari inafika imepotoka: juu unasoma P, chini gia boksi imeshikilia R. Dawa yake ni kuweka mkono kwenye N, kuweka na gia boksi kwenye N, kisha kufunga fimbo kwa urefu unaounganisha hizo mbili. Alibadilisha na bushi ndogo za plastiki kwenye ncha za fimbo, maana zilikuwa zimelika. Tulijaribu pale pale. P ikawa P, R ikawa R. Nilipandisha gari nyumbani nikiimba.

"Limepona kabisa," nikamwambia Telesia.

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Haya," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Siku chache baadaye nilipeleka mlango kwa mteja wa Makambako, peke yangu. Gari lilikwenda vizuri njia nzima. Nilishusha mlango, nikarudi ndani, nikaweka P, nikageuza ufunguo. Kimya. Benzi la otomatiki halikubali kuwaka isipokuwa likiwa kwenye P au N, ni ulinzi wake. Nikajaribu N. Kimya. Nikasali Salamu Maria. Bado kimya. Nikaanza kusogeza mkono kidogo kidogo, ufunguo umegeuzwa, na ulipofika mahali pasipo na herufi yoyote, kati ya R na N, stata ikalia na gari likawaka.

Mteja wangu akanionyesha karakana ya Joackim, jirani tu. Joackim ni Mkinga wa Makete aliyehamia Makambako siku nyingi, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Uwanja wake ni tambarare kama meza niliyoipiga randa mwenyewe.

"Nani amekufungia fimbo hii?" aliuliza akiwa chini ya gari.

"Bonaventura wa Njombe."

Kikasikika kicheko. "Namjua. Tulijifunza kwa fundi mmoja. Alikuwa hodari sana wa kuchemsha chai."

Alifanya kazi ile ile: N juu, N chini, fimbo ikafungwa upya. Herufi zikatii zote. Nilizunguka uwanja wake nikasimama, nikazima nikawasha, bila kosa. Nikarudi Njombe nikiwa na furaha ya mtu aliyetoka kuungama.

Na hapo ndipo nilipojiharibia. Nilifika nyumbani Telesia akiwa mlangoni pa jiko. Nikaegesha pua juu kama kawaida, nikaweka P, nikazima. Halafu, badala ya kufungua buti na kutoa jiwe, nikasimama mbele yake nikiwa nimekunja mikono kifuani.

"Mama Prisila, leo sitaweka jiwe. Nataka ulione mwenyewe. Limepona kabisa."

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nilisikia kokoto zikisagika. Benzi lilishuka pembeni mwa karakana, likaingia bustanini kinyumenyume, likapita juu ya tuta la kwanza la kabichi, na la pili, likasimama kwenye tuta la tatu ambapo udongo ulikuwa laini.

Telesia alikwenda akaokota kabichi moja iliyopasuka, akaipangusa.

"Hii tutaila leo," alisema. Kisha akanitazama. "Baba Prisila, sikuchukii. Lakini neno lako sasa limekuwa kama huo mkono wa gia. Juu linasomeka hivi, chini linafanya vingine."

Kwa miaka yote ile hakuwahi kulitilia shaka neno langu, hata nilipokuwa kijana sina kitu. Nilitaka kwenda chumbani kupiga magoti, akaniona.

"Sali," alisema, sasa kwa upole. "Mimi pia nitasali. Ila usimpe Mungu kazi ya fundi."

Kesho yake nilimpigia simu Bonaventura. Akasema Joackim ndiye aliyeharibu kazi yake, na kwamba zamani kwa fundi wao Joackim alikuwa hodari wa kula tu. Nilimpigia Joackim. Akasema yeye alirekebisha makosa ya Bonaventura, na kama gari limeharibika tena basi Bonaventura amelitazama kwa mbali. Nikawaomba wakutane. Bonaventura akasema aje kwake. Joackim akasema aje kwake. Walikuwa hawajakanyagiana karakana tangu walipomaliza kujifunza ufundi, nao walikuwa wakipelekeana matusi yao kupitia kwa wateja.

"Basi tukutane njiani," nikasema. "Si kwako, si kwake. Jubilei yangu ni wiki ijayo. Nawaomba kama ndugu."

Walikubali. Tulichagua mahali tunapopafahamu wote, mbele kidogo ya Mtwango, ambapo barabara ya vumbi inachepuka kutoka lami ikishuka mteremko mfupi kati ya miti ya miwati na kuishia kwenye uwanja wa kupakilia magogo. Telesia alitufungia viazi vya kuchemsha, mayai na chupa ya chai.

"Siwapikii nyinyi," alisema. "Naogopa njaa yenu isije ikaharibu hata kilichobaki."

Nilikwenda na Bonaventura. Joackim alifika kwa bodaboda, mfuko wa spana begani, kofia yake ya sufu kichwani.

"Habari ya siku nyingi," akasema Joackim. "Umenenepa. Chai bado unachemsha?"

"Nachemsha. Wewe bado unasubiri ipoe ndiyo uje kazini?"

"Huyu ndiye aliyefunga fimbo kwa macho yaliyofumbwa."

"Na huyu ndiye aliyelipeleka gari bustanini kwa mama wa watu."

"Tuanze na sala," nikasema, na wakavua kofia wote wawili, maana kuhusu hilo hawakuwa na ubishi.

Bonaventura alianza. Bila hata kufikiri alilipandisha gari mteremkoni, pua juu, akasukumia mawe.

"Unapanda huko kutafuta nini?" Joackim akauliza. "Uwanja mzima huu hapa."

"Gari linapimwa likiwa limetulia."

"Limetulia huku linaning'inia?"

Bonaventura akafunga fimbo. Tukaondoa mawe, P ikashika gari palepale mlimani. Akafuta mikono yake polepole sana ili mwenzake aone.

"Lishushe huku," Joackim akasema. Nikalishusha uwanjani, nikaweka P, nikazima, nikageuza ufunguo. Kimya. Joackim akatabasamu, akalala chini, akafunga fimbo yeye. Gari likawaka kwenye P, likawaka kwenye N. Sasa ikawa zamu yake kufuta mikono polepole.

"Lipandishe," Bonaventura akasema. Nikalipandisha mteremkoni, wakaweka mawe mbali kidogo na tairi, nikaweka P na kuachia breki. Gari likarudi nyuma likagonga mawe.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wale wawili kukosa la kusemana. Nikafungua chakula.

Tulikula tukiwa tumekaa kwenye gogo, tukilitazama Benzi kama watu wanaomtazama mgonjwa. Kila mmoja alikuwa ameonyesha mbele ya mwenzake kwamba kazi yake ni sahihi, na kila mmoja alikuwa ameonyesha kwamba kazi ya mwenzake si sahihi. Nikiwa na kiazi mdomoni nikafikiria meza. Mara nyingi watu huniletea meza wakisema inayumba. Naiweka karakanani, inasimama imara. Wanairudisha kwao, inayumba. Kwa siku za mwanzo za useremala nilikuwa nakata mguu mmoja, kesho yake nakata mwingine. Siku hizi sikati kitu kabla sijauliza meza imesimama juu ya nini.

"Hiyo gia boksi," nikauliza, "imekaa juu ya nini?"

"Imefungwa," Bonaventura akasema.

"Imefungwa juu ya nini?"

"Juu ya raba. Mauntingi. Kuna raba nene nyuma yake inayoibeba, ili mtikisiko usipande..." Joackim alikuwa ameacha kutafuna.

"Uliitazama?" Joackim akauliza.

"Mimi nilikuwa natazama fimbo. Wewe uliitazama?"

"Nilikuwa natazama kosa lako."

Wakainuka pamoja, yai likabaki juu ya gogo. Tulilirudisha gari kwenye uwanja, tukaweka mawe mbele na nyuma. Joackim akaingiza jeki chini ya gia boksi, akaweka kipande cha ubao katikati ili chuma kisiumie. Bonaventura akaketi ndani. Joackim akaanza kupampu jeki, na mimi nikachungulia kwa tochi.

"Nani ameshika gia?" Bonaventura akaita kutoka ndani.

"Hakuna mtu. Wewe ndiye uko ndani."

"Sijaigusa. Mikono yangu iko juu, njooni mtazame. Mkono wa gia unatembea wenyewe."

Joackim akateremsha jeki. Mkono ukarudi ulipokuwa. Akapandisha tena, ukasogea tena, kutoka kwenye N kuelekea R, bila mtu kuugusa. Na mimi chini kwenye mwanga wa tochi nikaiona gia boksi nzima ikiinuka na kushuka kwa upana wa kidole gumba, huku mwili wa gari umetulia. Raba iliyopaswa kuishika ilikuwa imepasuka katikati na kulowa mafuta, laini kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai.

Basi jambo lote likawa wazi, na lilikuwa rahisi hata likatuchekesha. Mkono wa gia umefungwa kwenye mwili wa gari, gia boksi imelala juu ya raba iliyokufa. Gari likiwa limeinua pua mlimani, gia boksi inateleza kurudi nyuma na kuivuta fimbo. Likiwa tambarare, inarudi mbele. Bonaventura alikuwa anaipimia mlimani, kwa sababu Njombe hakuna pengine pa kupimia. Joackim alikuwa anaipimia kwenye uwanja wake. Kila mmoja alifunga fimbo ya sawasawa kwa ardhi ya kwao, na gari likawa linasema kweli mahali lilipofundishwa na kusema uongo kwingine kote.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," Bonaventura akasema.

"Kwako."

"Na wewe ulikuwa sahihi."

"Kwangu," Joackim akasema, na hapo wakacheka mpaka Bonaventura akashika bodi ya gari asianguke. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na nilimshukuru pia kwa ajili ya meza mbovu zote zilizowahi kuletwa kwangu.

Makambako ni njia panda, hapakosi kipuri. Tulikwenda wote watatu, Joackim akaipata raba nzima kutoka kwenye gari lililokatwa, na Bonaventura akaingia katika karakana ya mwenzake, akatazama huku na huku, akasema, "Pazuri, ila spana zenu zimezoea kulala." Walifanya kazi pamoja, mmoja akiinua jeki, mwingine akikaza nati. Raba ilipokaa, wakafunga fimbo mara moja tu. Kisha Joackim akavaa kofia yake, akaingia kiti cha nyuma.

"Twende huko mlimani kwenu," akasema. "Sitaki kusikia habari za kabichi tena."

Tulifika Njombe jua bado liko juu. Telesia alitoka akiwa na unga mikononi. Aliwasalimu mafundi, akawakaribisha, kisha akaniuliza lile swali nililokuwa nalingoja njia nzima.

"Limepona?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza.

"Raba ya gia boksi ilikuwa imekufa, tumeibadilisha," nikasema. "Makambako limesimama na limewaka. Hapa mlimani bado hatujajaribu. Sijui. Njoo tujaribu wote."

Akanawa mikono.

"Nielekeze," akasema, akaenda akaketi kwenye kiti cha dereva. Yeye hajui kuendesha. Nikamwonyesha P, nikamwonyesha hendibreki na jinsi ya kuiachia, nikamwambia ufunguo utolewe.

"Na wewe ukasimame nyuma," akasema.

"Nyuma ya gari?"

"Nyuma ya gari. Kati yake na kabichi zangu."

"Mama," Bonaventura akasema, "raba ni nzuri, lakini..."

"Lakini nini, fundi?"

Bonaventura akamtazama Joackim. Joackim akalitazama gari. "Hakuna lakini, mama," akasema. "Ila mzee asimame pembeni kidogo, ili akihitaji kuruka aruke."

Nilikwenda nikasimama. Joackim akaondoa jiwe. Nilifanya ishara ya msalaba, na nilimwona Telesia kwenye kioo cha juu, naye akifanya hivyo hivyo. Akaachia hendibreki.

Gari lilishuka kwa upana wa kidole. Kikasikika kishindo kidogo chini, kama mlango unaopata komeo lake. Likatulia. Tukangoja. Telesia alijitikisa kwenye kiti, huku na huku, kama mtu anayejaribu kigoda kipya. Halikusogea. Joackim akalisukuma kwa bega kutoka mbele, halikusogea. Telesia akarudisha ufunguo mahali pake, akaugeuza, injini ikawaka kwenye P mara moja. Alizima, akawasha, akazima, akawasha, mpaka Bonaventura akamwomba alionee huruma betri.

Alishuka, akanipita, akaingia jikoni. Nikadhani amekwenda kuendelea na ugali. Kumbe alikuwa anapiga simu, na sauti yake ikatoka dirishani.

"Esnath? Siku ile usihangaike kuja kunichukua huku mlimani. Hapana, siumwi. Nitakuja na mume wangu."

Mafundi walikula ugali kwa kabichi mezani petu, wakibishana nani kati yao aliyeuliza kwanza habari za raba. Nikawaachia.

Asubuhi ya jubilei kulikuwa na ukungu mzito. Telesia alikuwa ameamka mapema mno kuzishughulikia nguo zetu, yangu na yake, kitambaa kimoja ambacho Prisila alitushonea. Aliketi kiti cha mbele, akaweka mkoba mapajani, akautazama mkono wa gia nilipouvuta kwenye D. Tulishuka taratibu. Tulipopita mashamba ya chai aliniambia nipunguze mwendo. Tulipofika kwenye misonobari alianza rozari, mimi nikimjibu. Tukamaliza fungu la kwanza, la pili. Katika fungu la tatu nilijibu, nikangoja aanze nyingine, hakuanza. Nikatazama. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, rozari imelegea vidoleni, na midomo yake imefunguka kidogo.

Niliimalizia peke yangu kwa sauti ya chini, nikikwepa kila shimo.

Makambako jua lilikuwa limetoka. Kwaya ilikuwa imejipanga nje ya kanisa, ndugu wameshika maua. Niliingia uwanjani polepole, nikasimama kivulini, nikasogeza mkono hadi P. Gari likatulia. Esnath alikuwa anatukimbilia huku ameshavuta pumzi ya kupiga kigelegele. Nikatoa mkono dirishani nikamwonyesha anyamaze. Akaja akainama, akachungulia ndani.

"Ndiye huyu aliyeapa?" akanong'ona.

"Ndiye."

"Nimwamshe? Paroko anasubiri."

Nilimtazama Telesia. Alikuwa anakoroma kidogo, kwa amani kabisa.

"Mwombe paroko atuvumilie kidogo," nikasema.

Esnath akatembea kwa ncha za vidole hadi kwa kwaya, akaweka kidole mdomoni, na watu wote wale wakasimama kimya juani na maua yao, wakimngoja bibi harusi amalize usingizi.